Sahihi ya Tano

Jumamosi, 10 Juni 2023
Mkutano wa kijiji umekubali. Mikono juu, kelele, basi! Eneo la kisima wapewe wachimbaji wa dhahabu wafungue duara, shimo lao la kuchimbia. Wajumbe watano tusaini kwa niaba ya wote. Wanne wamesaini. Mimi nimekataa. Zebaki yao ya kusafishia dhahabu na kisima, wapi na wapi? Mzee Maige, mwenyekiti, kafoka: Justina, umetumwa kusaini, hukutumwa kufikiri! Nikamjibu: mliponichagua, mlinichagua na kichwa changu.

Jumapili, 11 Juni
Baada ya misa, mkutano tena. Ajenda moja — mimi. Nimeomba kura ya siri. Maige akasema hapa hatufichani. Mikono tena. Nimetengwa mpaka nisaini: hakuna kunisalimia, kuniuzia kitu, wala kuja msibani kwangu. Mwaka ule waliponichagua ilikuwa karatasi ndani ya sanduku, sikujua nani kanipa kura. Leo nimeona kila mkono. Dorika, shoga yangu wa miaka kumi na tisa, katazama kulia, katazama kushoto, halafu akanyoosha. Dorika!

Alhamisi, 15 Juni
Kisimani wananipisha, nachota peke yangu. Nimemwamkia mama mkwe wa Dorika. Shikamoo yangu imebaki hewani. Sikujua kama marahaba ya mtu inaweza kutamaniwa hivi. Nina upweke, jamani.
Mama yangu kifua kimembana tena. Utani haumwishi: nikifa utanizika na nani, na mwiko wa ugali? Nimecheka. Kisha nikaenda kulia chooni.

Jumatatu, 19 Juni
Dorika kapita uani. Hakunitazama — kaongea na kuku wangu! Eti angekuwa peke yake asingenyoosha. Eti hata Maige anawaogopa vijana wa duara. Sasa nani aliamua? Nimekosa hata wa kumchukia.

Jumatano, 21 Juni
Mama amefariki alfajiri. Nimepiga yowe, hakuna mlango uliofunguka.
Saa nne ndiyo wamekuja. Wengi mno! Wamesimama barabarani, vijana na sululu na makoleo, akina mama na kuni kichwani. Hakuna anayevuka uzio. Dorika analia waziwazi. Maige peke yake kaingia, kavua kofia, karatasi mkononi. Safari hii hakufoka. Kasema pole mayu, pole mama, saini tu watu waingie.
Nimemwambia asubiri, natafuta kalamu. Ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.