Ile Printa Inayosubiri Ukurasa Ujae

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko kwenye baridi? Binti yako aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila fimbo na umeanza kugombana na majirani, nikajua umepona. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Baba kikohozi kimemwacha, ulimi ndio haujamwacha. Somo wako, kitinda mimba wangu, meno ya mbele yamemng'oka na anakusalimia kwa mate.

Uliniuliza habari za Cherehani. Ile printa kuukuu uliyonikabidhi siku unastaafu, iliyokuwa ikipiga kelele kama cherehani pembeni ya mtambo wa kuchemshia maziwa kiwandani, wameitupa stoo pamoja na ndoo zilizotoboka. Eti inatia aibu wageni wakija. Wameleta nyingine, nyeupe, kimya, ina kioo usoni kama simu.

Mtambo wenyewe ni ule ule, mzee kuliko mimi, na lugha yake printa za kisasa haziielewi. Basi akaja fundi wa kompyuta na viatu vyake vya kung'aa, na kijisanduku cha kutafsiri, waya huku, waya kule. Mara ya kwanza printa ikatapika alama za kuuliza karatasi nzima. Mara ya pili ikaandika vizuri, meneja akapiga makofi, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Shangazi, mgeni huyu nusura atuue.

Wewe unajua Cherehani alivyokuwa. Mtambo ukisema neno, naye analisema hapo hapo, mstari mmoja mmoja. Joto likishuka anakereza mfululizo, hata aliye chooni anasikia, nami naikimbilia valvu nayarudisha maziwa yakachemke upya. King'ora kingine hatuna. Hii nyeupe inapokea neno na kulimeza. Inakaa nalo tumboni mpaka ukurasa ujae, ndipo inautema wote kwa mpigo, msafi, umenyooka. Hayo hakuna aliyetuambia.

Alhamisi moja asubuhi joto likashuka. Mimi nipo pale pale, nimesimama, sikio limezoea kelele, sisikii kitu, nikadhani ni heri. Karatasi ilipotoka, maziwa yalishaingia kwenye pakiti na yanapakiwa kwenye lori la shule. Nikasoma katikati ya ukurasa: JOTO CHINI, JOTO CHINI, JOTO CHINI. Shule yenyewe ni ile anayosoma somo wako.

Nilikimbia na gamboti zangu mpaka getini nikamwambia mlinzi afunge. Meneja akaja, akamwambia afungue. Alisema mtambo umetoa taarifa, karatasi hii hapa, mimi ndiye sikuisoma mapema. Fundi naye, bila haya, akasema printa haina kosa, inasubiri tu ukurasa ujae, ndivyo zilivyo. Watoto waharishe, yeye anasubiri ukurasa.

Sikubishana. Nilichana pakiti moja, nikamimina kwenye kikombe, nikampa meneja nikamwambia kunywa, bosi, ukimaliza geti nalifungua mwenyewe. Wapakiaji wakaacha kazi wakawa wanatazama. Alikiangalia kile kikombe, akaangalia saa yake, akaangalia tena kikombe. Shangazi, maziwa hakuyanywa, yeye ndiye aliyenywea. Akasema kwa sauti ndogo yashushwe, yamwagwe.

Ungedhani yameishia hapo. Ijumaa yake tukaitwa ukumbini, meneja anawasimulia wakubwa wake jinsi printa mpya ilivyogundua hitilafu na kuokoa watoto. Akapigwa picha nayo, mkono ameuweka juu yake kama anamposa. Nilitoka nje nikatema mate. Kinyaa nilichokiona siku ile sijakiona hata nikisafisha mtaro wa maziwa yaliyochacha, na mtaro ule unaujua.

Fundi amenionyesha kitufe cha kuilazimisha printa iteme kabla ukurasa haujajaa. Basi kazi yangu siku hizi ni kuiminya tumbo kutwa nzima, kama mtoto mchanga mwenye gesi. Nikijisahau kidogo tu, yale yale. Nimeomba Cherehani arudishwe. Wameniuliza kwa nini napenda mambo ya kizamani.

Nisalimie binti yako na mumewe, umwambie mkwe asikufiche pilipili, wewe ndiwe mwenye tumbo lako. Baba anakusalimia ingawa hatasema. Mlinzi wa getini naye anakukumbuka, anasema tangu uondoke hakuna anayemtania. Mungu alishike hilo goti, akushike na wewe mzima.

Nilitaka nifunge hapa, ila kuna hili la juzi jioni. Somo wako alirudi na pakiti ya maziwa yenye nembo yetu, wamegawiwa shuleni, ameshika mrija tayari. Nilimnyang'anya nikayamimina kwenye sufuria, nikawasha moto. Akaniuliza, mama, si wewe ndiye unayeyachemsha kazini? Nilisimama pale na mwiko mpaka yakapanda, nikayaacha yashuke, nikayapandisha tena.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
yule uliyemfundisha kusikiliza mtambo.