Kisima cha Raheli

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Leo mume wangu, Baba Martha, ametangaza kazi ya kujitolea hapa Kinyangiri. Kesho, watu wote, shamba la kijiji. Asiyejitolea atafungiwa ghalani. Hakuna aliyecheka. Mimi ndiyo sikuthubutu kabisa – yeye ndiye katibu wa kijiji, na chakula chake napika mimi.

Jumanne, 3 Septemba

Wamejitolea wote isipokuwa Naftali. Yuko kwa Raheli, yule mjane tuliyehamishwa naye mwaka huu. Kiwanja alichopewa kiko mbali na maji, na mguu wake mmoja mbovu. Naftali anamchimbia kisima tangu Agosti.

Baba Martha akaenda kumuuliza analipwa nini. Halipwi. Akamuuliza Raheli alimwomba lini. Hakumwomba.

Karudi nyumbani. Alikuwa amejiandaa kukuta unyonyaji. Ugali hakumaliza.

Alhamisi, 5 Septemba

Naftali kaitwa ofisini. Nilikuwa nafagia nje, nikasikia. Baba Martha alisema naye vizuri: awe fundi wa visima wa kijiji, apewe posho, apangiwe pa kuchimba. Naftali akakataa.

"Ndugu Katibu, siku posho ikikosekana mtaniambia niache. Mimi kile kisima nataka kukimaliza."

Kafungiwa ghalani kwa kudharau kazi ya kujitolea. Nimempelekea uji. Ameshukuru, akauliza kama kuta za kisima bado zimesimama.

Ijumaa, 6 Septemba

Shambani hakwenda mtu. Wote wako kwa Raheli na majembe yao, wanaendeleza kisima. Hawakuitwa.

Mchana walifika pabaya, wakaogopa udongo kuwaporomokea. Idrissa, mgambo wa zamu, akamfungulia Naftali akawaonyeshe. Jioni Naftali akarudi ghalani mwenyewe, akasimama mlangoni akingoja. Idrissa akamfungia. Baba Martha hajui kuwa alifunguliwa. Mimi sijaulizwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeulizwa. Nikasema.

Ghala lilikuwa tupu tena. Tukaongozana hadi kwa Raheli. Naftali yuko chini kabisa, ndoo ya matope inapanda. Wavuta kamba kumwona Katibu wakarudi nyuma – kamba ikaanza kuteleza, ndoo juu ya kichwa cha mtu! Baba Martha akaidaka. Akavuta hadi juu, akamwaga.

"Nyingine," Naftali akaita toka chini. Hakujua anamwita nani.

Akashusha. Akavuta tena. Na tena. Viganja vikachubuka. Nikamwambia apumzike, wapo vijana.

"Niache kwanza, Mama Martha. Maji yameanza."

Wale wengine walisogea taratibu, wakashika kamba nyuma yake.

Sasa mgeni kutoka wilayani yuko sebuleni kwetu. Alipita akaona kisima, kafurahi sana. Anataka jina la aliyetoa amri, akalitaje mkutanoni. Nimemwambia hakuna. Akatabasamu – kaona mama wa nyumbani hajui mambo ya ofisi. Kaniomba nikamwite Katibu.

Katibu bado yuko kwenye kamba.

Nimemwongezea mgeni chai. Nimesema naenda.