Kompyuta ya Mbuji

Jumanne

Leo kwenye kikao cha ushirika wetu wa kahawa hakuna aliyenishinda kwa kuijua kompyuta. Uongo. Hata prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nilidhani ni chakula chake.

Mpwa wangu Editha, anayetutengenezea programu ya kupimia kahawa, aliuliza kama aendelee kuifanya ifunguke kwenye prosesa ya zamani au aachane nayo, maana inamchosha. Nikadakia, “Izikwe! Na mimi nasubiri zamu.” Wakacheka, hoja ya kuiacha ikapita.

Nikishasema mimi mzee, nani atapinga? Mama Hilda, mjumbe wa kijiji cha Mbuji, aliitikia tu, “Sawa, baba.” Kumbe kompyuta yao pekee ina prosesa hiyo ya zamani. Programu mpya haitafunguka, watabeba magunia mpaka Mbinga kuyapima, kwa sababu ya mzaha wangu.

Usiku huu nimemwandikia Editha ujumbe:

Editha, nilikulindia kuku ulipokwenda Songea. Nirudishie fadhila, mwanangu: usiiache kompyuta ya Mbuji msimu huu.