Sungura na Shamba Langu la Maharage

Jumanne, 19 Julai 1983
Mkanda wa kombaini ya kuvunia ngano umekatika, basi fundi Jayantilal alishinda kantini kwangu, chai vikombe vitatu. Kwao ni Ahmedabad, mji mkubwa huko India. Anasema zamani mfalme alipita hapo na mbwa wake wa kuwindia, sungura akageuka akawafukuza mbwa! Mfalme akaona ardhi hii inatia ujasiri, akajenga mji. Miaka zaidi ya mia tano sasa. Nimecheka hadi nikamwaga maziwa.

Jumatano, 20 Julai
Kikao cha kigango. Huu ni mwezi wa nne tunabishania kanisa jipya lijengwe wapi — Mzee Margwe anataka juu penye chemchemi, Alfredi anataka chini, karibu na duka lake. Maneno yakawa makali. Ili wapoe nikawapa ile hadithi ya sungura. Nilitaka wacheke tu. Mzee Margwe hakucheka. Akasema Mungu alisema na Balaamu kwa punda, sungura ana ubaya gani? Wakakubaliana: popote kijijini sungura atakapomfukuza mbwa, hapo ndipo kanisa. Jumapili kila mtu aseme alichoona. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 22 Julai
Kombaini imepona. Ikikata ngano sungura wanatoka mbio kuja kijijini, na kijiji kizima kinatembeza mbwa. Alfredi kaazima mbwa mwoga kutoka Masakta. Jirani yangu Kornelia kamwambia, shemeji, huyo hata kuku atamfukuza, tutasali bandani.

Jumamosi, 23 Julai
Ee Bwana. Nilikuwa nang'oa maharage — shamba lile alilonipa mama mkwe, ndilo linalomsomesha binti yangu Hilaria. Sungura jike akachomoka, nadhani ana watoto, akamrukia mbwa wetu Askari. Askari akapita katikati ya miguu yangu, nikakaa chini. Hakuna mwingine aliyeona. Nimemwambia mume wangu. Yoakimu kafikiri, akasema hukuona kitu, ulikuwa umeinama.
Kweli nilikuwa nimeinama. Ila niliinamia upande wa sungura.

Jumapili, 24 Julai
Kengele ya kwanza. Yoakimu anasema nibaki, niseme tumbo. Nilikuwa karibu kukubali, Mungu anisamehe. Mara Mzee Margwe huyo mlangoni, kaja tuongozane. Shikamoo, marahaba. Kisha akamwona Askari chini ya kiti, anatetemeka, tangu jana hataki kutoka.
Mbwa wenu ana nini?
Minyoo, kajibu Yoakimu.
Mzee akanigeukia mimi. Eti mama Hilaria, ni minyoo?
Nimesema naingia chumbani kuchukua rozari. Wananingoja. Rozari ninayo shingoni.