Baba, Siku Uliyokubali Kusema Unaumwa

Baba,

Mwaka umetimia tangu utuage, na tukisikia randa ikipita kwenye ubao bado tunadhani ni wewe.

Ulikuwa seremala wa watu. Mteja akija kuulizia kabati ambalo hata hujalianza, ulimpa chai kwanza, naye akaondoka akikushukuru. Mama anasema ulimchumbia kwa stuli ya miguu mitatu na ahadi ya mguu wa nne.

Saratani ya tezi dume ilipofika mifupani, nyonga na mgongo vilikutesa hata ukashindwa kulala. Ulikaa kitini kutwa, hutaki hata mjukuu akuguse. Ulikuwa unatuponyoka ungali hai, na tuliogopa. Ulitaka jambo moja tu: kurudi karakanani umalize kumfundisha dada yetu mkubwa kutengeneza milango. Lakini daktari akikuuliza, "Mzee, unaendeleaje?" ulijibu, "Salama tu, daktari. Za nyumbani?" Basi akakuandikia vidonge vilevile.

Aliyekuumbua ni rafiki yako kinyozi, mtani wako wa miaka thelathini, siku alipokusindikiza hospitali.

"Daktari, huyu mwongo," alisema. "Jana kalia akivaa soksi."

"We kinyozi, nani kakuuliza?"

"Nyamaza. Ukinifia nitamtania nani?"

Ulimnunia siku mbili, kisha ukarudi ukamwambia daktari ukweli wote. Ukapigwa mionzi kwenye nyonga, ukapewa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Uliiogopa: "Nitakuwa teja uzeeni!" Muuguzi akacheka. "Mzee, ukinywa kwa saa kama tulivyokuelekeza, huwi teja. Usingoje maumivu yafike ndipo uyakimbize."

Kinyozi akatundika daftari ukutani, akaandika kila dozi, akikuuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi. Ulianza na tisa. Siku uliyotamka mbili, Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Dawa ya kulainisha choo pia aliisimamia yeye kinyozi, ila hayo tuyaache.

Ukarudi karakanani, Baba! Miezi minne mizima. Uliketi juu ya mito miwili ukimfokea dada kwa kila kiungo cha mbao, mpaka mlango wake wa kwanza ukafungika bila kukwaruza. "Sasa wewe ni fundi," ulimwambia, ukageuka kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Siku ile tulishinda, na hatuoni haya kusema.

Ulipoondoka, kinyozi alikuwa anakunyoa. Ulimlaumu kwamba ameacha ndevu upande mmoja, ukafumba macho. Hukuwa na maumivu.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo, wajukuu wako, na kinyozi, ambaye tumemwandika humu pamoja na ndugu na hakuna aliyepinga.

Hatutakusahau, Baba, maadamu tunapumua.