Tangi la Choo Nimelifungua Mwenyewe

Baba Tarsis,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Mchuzi upashe moto kwanza, baba yako hapendi wa baridi.

Choo kimepona. Usiulize fundi gani.

Asubuhi ulipokwisha kwenda karakana, baba aliingia chooni, akavuta mnyororo, maji hayakutoka. Tangi lilikuwa halijajaa tangu ulipovuta wewe. Mzee wa watu akabaki humo ndani akikohoa. Nami nimesimama uani na ndoo ya maji: siwezi kumgongea mkwe wangu mlango wa choo, naye hawezi kutoka akakiacha vile, mkamwana akione. Tulikaa hivyo mpaka uji ukaungua. Mwishowe nikaiweka ndoo mlangoni, nikaenda kujificha chumbani kama mwizi.

Mwezi mzima unaniambia nisiguse, ni kazi ya wanaume. Wewe unafungua injini ya gari moshi ukairudisha ikanguruma, tangi la nyumbani kwako linakushinda. Basi nimechukua spana yako, nikafunga koki, nikapanda juu ya stuli, nikafungua pale maji yanapoingilia. Pamejaa mchanga na kutu. Nimechokonoa kwa sindano yangu ya kufumia mpaka pakawa peupe. Sasa linajaa kabla hujamaliza kunawa. Baba amekwenda kuvuta mara tatu, bila haja yoyote.

~~Nitarudi mapema.~~ Nitarudi nikimaliza. Niko kwa Mama Zamzam, tangi lao nalo linajaa polepole, na mumewe naye amemwambia asubiri. Spana ninayo.

Wewe usiguse kitu.

Mama Tarsis