Tumbo la Jumapili

Wendell,

Supu iko jikoni, haina maziwa wala kitunguu. Usiitie chumvi, nakujua.

Jana yule daktari wangu wa tiba asilia alisoma daftari ninaloandikia kila ninachokula. Akaniuliza, "Ngano tumeacha, mayai tumeacha, mbona tumbo linakuuma Jumapili tu? Mnakula nini?" Nikamwambia kuku. Nilimdanganya. Jumapili tunamwekea marehemu mwanetu sahani, halafu hutaki atajwe.

Ndiyo maana asubuhi nilimtaja. Ukabamiza mlango, ukaondoka.

~~Leo sahani yake usiiweke.~~ Iweke. Ila tukikaa mezani tumtaje, hata kama utalia. Nimechoka kumeza.

Niko kaburini kwake. Nitarudi kabla supu haijapoa.

Mama Corey